Ziwa la Bi Mwatum

Mposaji haendi kwenye posa yake. Hili halina haja ya kufundishwa, hata mbuzi wa Micheweni wanalijua. Wanakwenda wazee wake, wanakaa, wanakohoa, wanausifu mkate wa kumimina, halafu ndipo wanasema kilichowaleta, na yeye mwenyewe hubaki kwao akijitia ana shughuli. Lakini Sameer wa Mzee Hamood alikuja. Alikuja siku ya kusikiliza jibu, kwa kisingizio cha kuwaendeshea gari wazee wake, akaingia ukumbini nyuma yao na kanzu ya rangi ya maziwa na simu mkononi, na kabla hajavua viatu alikuwa keshaupiga picha mlango wa watu.

Khairat, binti aliyeposwa, alimwona kupitia upenyo wa pazia la chumba cha wanawake. Moyo ukamruka kwa furaha, na hapo hapo ukamdharau. Hakushtuka. Mwaka mzima alikuwa akimpenda hivyo, kama mtu anayekula embe bichi kwa pilipili huku akilalamika kuwa linamtoa machozi.

Kwa asiyemjua, na wasiomjua siku hizi ni wachache, Sameer ndiye yule anayejiita Mtoto wa Micheweni. Kila asubuhi watu wa Dar, wa Mombasa, wa Maskati na wa huko kwenye baridi hufungua simu zao wamwone amechutama mbele ya mafiga, shati lina tobo begani, anakula muhogo uliolala, anamshukuru Mungu. Watu wasiowajua jirani zao kwa majina walikuwa wakitokwa na machozi kwa ajili ya muhogo ule. "Huyu ndiye mtu wa kweli," waliandika. "Hana mapambo, hana maringo. Dunia ya uwongo hii, lakini huyu ni halisi."

Halisi! Mtoto huyo wa Micheweni alizaliwa Wete, kwenye nyumba ya ghorofa, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi na mashamba ya karafuu ya urithi. Muhogo ulikuwa unamtia kiungulia. Tobo la begani alilikata mwenyewe kwa mkasi wa mama yake, na shati lenyewe lilikuwa likipigwa pasi na kutundikwa ndani ya gari. Mafiga yale hayakuwa ya kwao. Yalikuwa ya banda la jikoni la Bi Mwatum, bibi yake Khairat, mama wa baba yake. Bi Mwatum alikuwa na nyumba nzuri ya matofali waliyomjengea wanawe, ina sakafu ya vigae na televisheni, lakini Sameer hakuipiga picha hata ncha ya paa lake. Alikuwa akimtoa bibi wa watu kwenye kiti chake, anamketisha bandani kwenye kigoda, anamwita "bibi yangu" na kumpigia magoti.

Bi Mwatum hakukataa. Alidhani ni mchezo wa kuigiza, na alipenda kucheka.

Na huko bandani ndiko Khairat alikoingia mtegoni. Alikuwa ametoka skuli, anasomesha hesabu, akapita kumjulia hali bibi yake, akamkuta Sameer anapiga ukelele juu ya kigoda kwa sababu kaa mdogo ameingia jikoni. Khairat alicheka mpaka akakaa chini. Sameer naye akaizima simu, akacheka, akasema, "Nikwambie kweli? Mimi hata mwani sijapata kuushika kwa mkono. Unanitia kichefuchefu." Neno hilo moja la kweli ndilo lililomponza Khairat. Tangu siku hiyo wakawa wanazungumza kwa simu, sauti tupu bila picha, na Sameer wa sauti tupu alikuwa mtu mwengine kabisa. Alikuwa mwoga, mcheshi, mwenye huruma, anauliza na kusubiri jibu. Khairat alimpenda huyo. Yule wa tobo begani alikuwa hataki hata kumwona.

"Mwanangu, toka hapo kwenye upenyo," mama yake, Mwanawema, alimnong'oneza. "Mama mkwe anakutazama."

Kweli Bi Thuraiya, mama yake Sameer, alikuwa anamtazama. Alikaa juu ya godoro la wageni mgongo wima, shela la hariri begani, kikombe cha chai mkononi asichokionja. Alikuwa ameikataa posa hii kwa miezi. "Wete nzima hamna mwanamke?" alikuwa akisema. "Mpaka ukaoe kwa watu wa kulima mwani?" Alikubali pale mwanawe alipogoma kula. Hakujua kwamba mgomo wenyewe mwanawe aliurusha mtandaoni, siku ya kwanza na ya pili, na kwamba katikati alikuwa akila chipsi kuku garini. Bi Thuraiya na mitandao walikuwa mbali mbali. Alichojua ni kwamba mwanawe "anafanya matangazo."

"Mkono wako mzuri wa chai, Bi Mwanawema," alisema, bado hajaionja.

"Ahsante, dada. Karibu."

Ukumbini mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mzee Hamood alisema maneno yake kwa adabu. Nyange, baba yake Khairat, mtu wa maneno machache, alisema kwamba amemuuliza mwanawe na mwanawe hakukataa. Shehe Abdulsamad, aliyeletwa kutoka Wawi kwa ajili ya siku hiyo, alikuwa tayari ameinua mikono kusoma fatiha. Nyuma ya pazia Khairat alifumba macho. Yamekwisha, alijiambia. Nimempata.

Hapo ndipo ami yake, Hudhaifa, kitinda mimba wa Bi Mwatum na mtani asiyejua kunyamaza, alipompitishia Sameer kikombe cha kahawa na kusema kwa sauti ya kuchekesha:

"Kunywa, ndugu yangu wa ziwa moja."

Vijana wawili watatu wakacheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Shehe Abdulsamad alishusha mikono yake.

"Umemwitaje?"

"Si kitu, Shehe. Natania."

"Utani una mzizi wake. Ndugu wa ziwa moja vipi?"

Hudhaifa akajikuna kichwa. "Ile video yake. Ile iliyoenea. Kasema Bi Mwatum ndiye aliyemnyonyesha alipokuwa mtoto mchanga. Sasa mie ndiye niliyekuwa nikinyonya wakati huo. Basi tukawa ndugu, ndiyo mzaha wenyewe."

Watu wazima wote mle ndani walikuwa wanajua hesabu hiyo kabla Shehe hajaifanya. Mtoto akinyonya ziwa la mwanamke, mwanamke yule ni mama yake, na watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake, na humo haoi, iwe jua iwe mvua. Kama Sameer amenyonya kwa Bi Mwatum, basi Sameer ni ndugu yake Nyange. Na ndugu yake Nyange ni ami yake Khairat.

Khairat aliifanya hesabu ile nyuma ya pazia. Video ile aliiona. Aligombana na Sameer kwa sababu yake, si kwa sheria, sheria hakuikumbuka, bali kwa aibu tu. "Ifute," alimwambia. "Kumtilia bibi yangu maneno ya uwongo mdomoni si mchezo." Sameer aliahidi ataifuta ikipita wiki. Wiki ilipopita aliibandika juu kabisa ya ukurasa wake, maana ndiyo iliyompa jina.

"Ilete niione," alisema Shehe.

Wakaileta. Sauti ya Sameer ikajaa ukumbi mzima, ile sauti yake ya mtandaoni, nzito, yenye kukwama kwama mahali pa kulilia. Ilisema mama yake mzazi alimkimbia akiwa na siku arubaini. Ilisema alilia njaa mpaka sauti ikamkauka, na mwanamke huyu maskini, huyu hapa, akamtoa mwanawe ziwani akamweka yeye. "Mifupa yangu hii," sauti ilisema, "ni maziwa yake."

Chai ya Bi Thuraiya ikamwagika juu ya shela.

"Nilikimbia?" Alisimama. Alisahau kuwa ni mgeni, alisahau kuwa ni mtoto wa watu wakubwa, akapaza sauti mpaka pazia likatikisika. "Nilikimbia wapi mimi? Sameer! Nilikunyonyesha miaka miwili kamili, na meno ulikuwa nayo!"

Bi Mwatum, aliyekuwa kwenye kiti chake pembeni mwa chumba cha wanawake, akaangua kicheko cha fizi. "Kweli kabisa, bibi. Mie yuno sijampa hata tone. Nilimwona mara ya mwanzo ana ndevu."

Khairat akapumua. Mama mzazi amesema, mnyonyeshaji wa uwongo amesema, na Sameer mwenyewe akasema haraka haraka, "Haikuwa kweli, Shehe. Ilikuwa kontenti tu."

"Kontenti ndiyo nini?"

"Ni kama hadithi. Ya kuwafurahisha watu."

"Hadithi huanza kwa paukwa, mwanangu. Wewe umeanza kwa bismillahi." Shehe aliirudisha simu kwa ncha za vidole. "Sawa. Sisi humu tumejua. Lakini watu hao wamekusikia ukikiri, na wengi wao ni Wapemba wenzetu. Nikifungisha ndoa hii, kesho watasema Abdulsamad kamwoza mtu mtoto wa kaka yake. Na watoto wenu wataambiwa nini skuli? Uliyoyasema mbele ya watu, yafute mbele ya watu hao hao. Sema: nilisema uwongo, bibi huyu hakuninyonyesha. Halafu nitasoma fatiha na tutakula."

"Hilo tu," alisema Mzee Hamood kwa faraja.

"Hilo tu," alisema Nyange. "Bila ya hilo, mwanangu hatoki nyumba hii akaitwa mke wa ami yake."

Sameer alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. "Wazee wangu," alisema, "naomba mnifahamu. Nina mkataba."

"Na nani?"

"Na kampuni ya maziwa."

Hudhaifa alicheka ndani ya kikombe chake mpaka kahawa ikamtoka puani. Hakuna mwengine aliyecheka. Ilibidi Sameer aeleze kwamba kampuni moja ya bara, inayouza maziwa ya pakiti, iliiona video ile ikalia kama wengine, ikamfanya balozi wake, na kwamba sura yake imewekwa kwenye mabango, na kwamba mtu halisi akishaitwa mwongo mara moja basi amekwisha. Aliyasema yote hayo kwa unyenyekevu mkubwa. Kila alivyoeleza ndivyo kanzu yake ya rangi ya maziwa ilivyozidi kuchekesha.

"Naomba nizungumze na Khairat," alisema mwisho.

Nyange alifikiri. "Hapo hapo. Pazia katikati, na mama yake kando."

Wakasimama, yeye upande ule, Khairat upande huu. Harufu ya udi wake ilipita kwenye kitambaa. Khairat aliona ncha za vidole vyake vya mguu chini ya pindo la pazia, na akakasirika kwa jinsi alivyovipenda hata vidole vile.

"Khairat."

"Nakusikia."

"Unaniamini?"

"Nakuamini ukiwa huna simu mkononi. Umeishika?"

Kikasikika kitu kinatiwa mfukoni.

"Sasa sina."

"Sasa sema."

"Ni neno dogo tu, na watu watasahau. Tukae miezi sita, mkataba uishe, halafu nitaifuta video kimya kimya na tuoane. Sikuombi kingine. Miezi sita."

"Na bibi yangu hiyo miezi sita ataendelea kukunyonyesha?"

"Usinidhihaki."

"Nikufanyeje, Sameer? Nikupigie makofi? Umemkimbiza mama yako aliyekulea, umemvua bibi yangu nyumba yake nzuri ukamtia bandani, na sasa unaniomba mie nikae kimya miezi sita niwe mtoto wa kaka yako. Kwa ajili ya pakiti za maziwa."

"Si maziwa. Ni wale watu." Sauti yake ilishuka, na ilikuwa ile sauti ya simu, ile tupu. "Hujui ilivyo, Khairat. Nikiamka asubuhi nikawakuta wananisubiri, najiona mtu. Wananipenda kwa sababu mimi ni mkweli."

Khairat alijitia pindo la kanga mdomoni. Hakujua kama alichokuwa akikizuia ni kicheko au kilio. Dharau ilimpanda mpaka kooni, na chini yake, mapenzi yalikuwa yamekaa pale pale hayakusogea hata shibiri.

"Sikiliza," alisema taratibu. "Wewe hujapendwa na hata mmoja wao. Wanayempenda ni yule wa muhogo, na yule hayupo. Mie ndiye niliyekupenda wewe. Anayeogopa kaa. Anayeshikwa na kiungulia. Anayeniuliza siku yangu ilikuwaje na akanyamaza asikilize. Huyo ukimtoa mbele ya watu wakamcheka, mie nitasimama naye. Sikutaki maskini, sikutaki tajiri. Nakutaka mwongo aliyetubu. Ni mengi sana hayo?"

Upande wa pili alisikia pumzi ikivutwa. Kisha mkono wake uliligusa pazia, sio kulifungua, kuligusa tu, na kitambaa kikabonyea mbele ya uso wa Khairat.

"Nitasema," alisema Sameer. "Wallahi nitasema. Kwa ajili yako. Sasa hivi, laivu, wote wasikie."

Mwanawema alimkamata mwanawe bega. Khairat alikuwa anatabasamu machozi yakimtiririka, na hakujificha.

Lakini mtu wa maonyesho hata toba yake huitafutia taa. Sameer hakusema pale pale alipokuwa. Alitoka kwenda garini, akarudi amevaa lile shati la tobo, limenyooka kwa pasi. Akaivua saa. Akaomba televisheni ifunikwe shuka. Akaomba wazee wasogee ili ukuta mtupu uonekane nyuma yake, na wazee, kwa kuwa walikuwa wanataka jambo liishe, wakasogea na vikombe vyao. Akampa Hudhaifa simu aishike, akamwelekeza mara tatu pa kusimama kwa sababu ya mwanga wa dirisha. Halafu akaja kumchukua Bi Mwatum kwa mkono.

"Leo mchezo gani?" aliuliza Bi Mwatum.

"Kaa tu hapa kando yangu, bibi. Usiseme kitu."

"Anataka aseme kweli huku amemshika," Mwanawema alinong'ona kwa matumaini. "Ni vizuri."

Tumaini la Khairat lilikuwa limeanza kumwuma tangu alipoliona lile shati.

"Assalaam alaykum, familia yangu," alianza Sameer, na sauti ilikuwa ile nzito. "Leo sina muhogo. Leo nina maumivu."

Mioyo midogo myekundu ikaanza kupanda kwenye kioo. Hudhaifa aliiona, na Sameer, aliyekuwa anatazama kioo badala ya watu, aliiona pia.

"Kuna neno zito nataka kuliungama." Khairat alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Sema, alimwambia moyoni. Maneno mawili matatu, baba, sema. "Leo... leo nimeambiwa mimi ni mwongo."

Mioyo ikamiminika. Maandishi yakaanza kukimbizana: nani huyo, mtaje, usilie kaka, tuko nawe. Na Sameer akavimba. Mtu yeyote mle ukumbini angeweza kuiona. Mabega yaliyokuwa yameinama yakapanda, jicho likapata unyevu wake.

"Wanasema bibi huyu hakuninyonyesha. Wanataka nimkane. Jamani, niseme nini? Bibi yangu umri umekwenda. Siku hizi anasahau. Leo atasema ndiyo, kesho atasema siyo. Mimi nitamlaumu? Siwezi. Mimi nimebaki na ninachokijua hapa." Akajigusa kifua, karibu na tobo.

"N'sahau mie?" alisema Bi Mwatum.

Alisema bila hasira, kwa mshangao tu. Alikuwa amezaa watoto tisa na kuzika watatu, na saa aliyozaliwa kila mjukuu alikuwa nayo kichwani. Alimgeukia kijana aliyekuwa akimwita bibi. "Mie n'sahau nini, baba?"

Sameer aliuzungusha mkono wake mabegani mwa kikongwe yule, akambana kwa upole ili anyamaze, akaitazama simu kwa macho yaliyojaa.

"Mnaona?" alisema.

Neno lile likaenda kama kibao. Mzee Hamood aliinamisha uso. Bi Thuraiya alikaa chini polepole, akajifunika shela lililolowa chai. Khairat aliachia fremu ya mlango. Alitazama uso wa bibi yake, ulivyokuwa unatafuta kwa wale waliomzunguka kama kweli amesahau kitu, na akajua kwamba hilo hatalisamehe, hata akimpenda mtu huyu mpaka kufa, na huenda atampenda.

Akajitanda kanga vizuri, akafunua pazia, akatoka.

Mchumba kutoka mbele ya wanaume siku ya jibu la posa yake ni jambo ambalo Micheweni halijaonwa. Shehe akafungua mdomo. Nyange akanyanyuka nusu, akamwona mwanawe uso, akakaa. Hudhaifa hakujua la kufanya na simu, akabaki ameishika, na maelfu ya watu wakamwona msichana aliyejitanda anatembea taratibu mpaka mbele ya Mtoto wa Micheweni, anapiga magoti, na kuunyosha mkono wake wa kulia.

Mkono ulikuwa umefunikwa pindo la kanga mpaka ncha za vidole. Mtoto hamfuniki ami yake mkono; hufunikwa mwanamme anayeweza kumwoa. Watu wa kwenye simu hawakuliona hilo, lakini Sameer aliliona. Aliuona mkono, akainua macho akamwona mwenye mkono, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile uso wake ukawa uso wa mtu.

"Shikamoo, ami," alisema Khairat.

Ukumbi mzima ulielewa. Mlango alikuwa hajaufunga. Alikuwa amemwekea wazi kabisa, na upana wake ulikuwa neno moja. Mimi si ami yako. Angelisema, angeoa jioni ile ile. Midomo yake ilitikisika. Alimtazama Khairat, na Khairat akamtazama, na alichokiona kwenye macho ya Sameer kilikuwa kile kile cha usiku wa sauti tupu, chote, hakikupungua hata kidogo. Alimpenda. Hilo halikuwa uwongo.

Kisha Sameer akaangalia kioo. Mioyo ilikuwa inapanda mingi mpaka sura yake mwenyewe haionekani.

Akautoa mkono, akaushika ule uliofunikwa.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Khairat aliinama akaubusu mkono wake juu ya kanga, kama mtoto mwenye adabu anavyombusu ami yake. Akainuka. Akamshika bibi yake kiwiko, akamnyanyua kutoka kando ya mtu yule na kumrudisha kwenye kiti chake.

"Wazee," Nyange aliwaambia wageni, "jibu mmelisikia. Na limetoka kwa mposaji mwenyewe."

Waliondoka bila kumaliza kahawa. Bi Thuraiya alikuwa wa mwisho. Mlangoni alisimama, akamtazama Khairat kwa muda, kisha akambusu kwenye paji la uso na kwenda zake. Gari liliondoka kuelekea Wete. Hapo ndipo Khairat alipoangusha kichwa kwenye mapaja ya Bi Mwatum na kulia kwa sauti, bila kuona haya, mpaka mama yake akalia naye.

Hudhaifa alikuwa mlangoni, safari hii na simu yake mwenyewe mkononi, anasoma.

"Wanasemaje?" aliuliza Bi Mwatum, akimpapasa mjukuu wake nywele.

"Wanasema yule mtoto wa kaka yake ana adabu, mama. Wanasema ndizo familia za kweli hizi. Wanalia."

"Zima," alisema Bi Mwatum.

Hudhaifa akazima. Khairat alijifuta uso kwa pindo la kanga, likamnukia udi wa mkono wa Sameer. Akaivua kanga nzima, akatoka nayo uani, akaitia majini.